LVM na mpaka wa Busia: historia fupi ya diski zinazonyumbulika

Juzi kijana mmoja anayejifunza Linux hapa Matayos aliniuliza swali nililodhani nitalimaliza kwa dakika mbili: "Mwalimu, hii LVM ninayoiona nikisakinisha Linux ni kitu gani, na kwa nini ina majina matatu ya kitu kimoja?" Dakika mbili zikawa saa mbili, chai ikapoa, na nikagundua kwamba jibu lake ni hadithi ndefu. Basi leo amri zitakuwa chache. Leo ni historia.

Naanza na mpaka. Mtu wa Busia hawezi kueleza patisheni bila kunyoosha kidole upande wa Uganda.

Wengi wanadhani mpaka huu ulikuwa hapa tangu Waingereza walipofika. Sivyo. Hadi mwanzoni mwa mwaka 1902, himaya ya Uganda ilienea mashariki mpaka maeneo ya Naivasha. Reli ilipofika Kisumu mwezi Desemba 1901, Kisumu ilikuwa ndani ya Uganda, na kwa hiyo jina la Reli ya Uganda halikuwa la kubahatisha. Ndipo London ikaona ni vyema reli yote iwe chini ya utawala mmoja, na Aprili 1902 Jimbo la Mashariki la Uganda likahamishiwa himaya ya Afrika Mashariki, ile iliyokuja kuitwa Kenya. Hakuna mtu aliyehama nyumba yake, ila watu wa Kisumu, wa Mumias na wa huku kwetu walilala Uganda wakaamka upande mwingine. Mwaka 1926 mstari ukasogezwa tena kule kaskazini, eneo la Waturkana nalo likatolewa Uganda. Baada ya hapo basi. Wasamia wako pande zote mbili, Wateso wako pande zote mbili, na mstari uko pale pale.

Sasa fikiria diski. Patisheni ni mpaka wa aina hiyo hiyo: namba mbili tu kwenye jedwali, inaanzia hapa na inaishia pale. Kuzibadilisha hizo namba ni kazi ya sekunde moja. Tabu ni wale wanaoishi ndani.

Jedwali lenyewe ni la zamani kuliko wengi wenu mnaosoma hapa. Lilikuja na DOS 2.0 mwaka 1983, wakati IBM ilipotoa kompyuta ya XT yenye diski ya megabaiti 10. Waliweka jedwali mwishoni mwa sekta ya kwanza ya diski, nafasi ya baiti 64, yaani maingizo manne ya baiti 16 kila moja. Patisheni nne. Kwa megabaiti 10 nani angehitaji zaidi? Watu wakaja kuongeza ujanja wa patisheni ndani ya patisheni, lakini msingi ulibaki ule ule: kila patisheni ni kipande kimoja kisichokatika, na jirani yake ameanzia pale pale yeye alipoishia. Ukitaka kumpanulia mmoja, lazima umsogeze mwingine, pamoja na vitu vyake vyote, baiti kwa baiti, huku ukiomba stima isipotee.

Wenye kompyuta kubwa za Unix walilichoka jambo hili mapema. Benki haiwezi kufunga mashine siku nzima eti kwa sababu sehemu moja ya diski imejaa na nyingine ina nafasi. IBM ilipotoa mashine za RS/6000 mwezi Februari 1990 na AIX toleo la 3, ndani yake kulikuwa na kidhibiti cha volyumu za kimantiki. Wazo hilo likapitia kwa muungano wa makampuni ulioitwa OSF, likafika HP, na HP-UX ikawa na LVM yake miaka ya mwanzo ya 1990. Msomaji aliyewahi kugusa HP-UX akija leo kwenye Linux atakutana na amri zile zile, pvcreate, vgcreate, lvcreate. Nitaeleza sababu.

Lakini kwanza yale majina matatu. Kijana wangu nilimpeleka sokoni.

Siku ya soko wakulima wanaleta mahindi kwa magunia, kila mmoja kutoka shamba lake. Mwenye duka anayamwaga yote kwenye lundo moja, kisha anauza kwa gorogoro. Mnunuzi wa gorogoro kumi hajui na hajali kama nne zimetoka gunia la kwanza na sita gunia la tatu. Anajua ana gorogoro kumi. Basi gunia ndilo volyumu halisi, yaani diski au patisheni uliyoileta. Lundo ni kundi la volyumu. Alichobeba mnunuzi ni volyumu ya kimantiki. Gorogoro yenyewe ni kile kipande cha kipimo, ambacho kwa kawaida kwenye LVM ya Linux ni megabaiti 4. Mnunuzi akirudi kesho akataka gorogoro tano zaidi, hakuna haja ya kumsogeza mnunuzi mwingine. Unachota kwenye lundo. Lundo likiisha, unaleta gunia jipya.

Tofauti ni moja, na ni kubwa: LVM ina daftari. Inakumbuka kila gorogoro ilitoka gunia lipi na imelala sehemu gani ya gunia hilo. Bila daftari hilo una baiti tu zilizotapakaa. Mfano huu wa mahindi una upande wake mbaya pia, lakini huo ulikuja kunifundisha mwenyewe baadaye.

Kwenye Linux kazi ilianzwa na Mjerumani Heinz Mauelshagen mwaka 1998. Aliijua LVM ya HP-UX, akaamua kuifuata karibu neno kwa neno, na ndiyo sababu amri zinafanana. Kazi yake ikaingia katika kiini cha Linux toleo la 2.4, lililotoka Januari 2001. Naye akaajiriwa na kampuni ndogo ya Marekani iliyoitwa Sistina, yenye makao Minneapolis, iliyokuwa pia inatengeneza mfumo wa faili wa GFS.

LVM hiyo ya kwanza ilifanya kazi, lakini ilikuwa na mipaka yake (samahani kwa neno). Kwa vipande vya megabaiti 4 volyumu moja haikuweza kuzidi gigabaiti 256, picha za papo hapo zilikuwa za kusomwa tu, na ndani ya kiini msimbo wake ulikuwa umefungamana sana na maamuzi ya LVM yenyewe. Kiini kilipofanyiwa ukarabati mkubwa kuelekea toleo la 2.6, LVM ikavunjika, ikabaki imevunjika kwa muda mrefu, na mwaka 2002 ikaondolewa.

Hapo ndipo hadithi inaponoga. Kulikuwa na warithi wawili. Mmoja ni EVMS wa IBM, mkubwa, ana kila kitu: anaelewa LVM, anaelewa patisheni za DOS, anaelewa za OS/2, ana vioo vya kubofya. Mwingine ni kitu kidogo cha kina Joe Thornber wa Sistina, kilichoitwa device-mapper. Hiki hakikujua lolote kuhusu LVM. Kilijua jambo moja: nipe jedwali linalosema sekta hizi za diski ya kubuni ziko kwenye sekta zile za diski halisi, nami nitaelekeza. Nani anaamua jedwali liwe vipi, hiyo ni kazi ya programu za nje ya kiini.

Mwishoni mwa Oktoba 2002, siku chache kabla mlango wa vipengele vipya kufungwa, Linus Torvalds alikichukua kile kidogo. IBM walikuwa wametumia muda mwingi kwenye EVMS na wangeweza kununa. Badala yake, siku chache tu baadaye mwezi Novemba, Kevin Corry na wenzake wa EVMS wakatangaza kwamba wanaacha sehemu yao ya ndani ya kiini na watazijenga upya programu zao juu ya device-mapper ya mpinzani. Nimesoma magomvi mengi ya watu wa programu huria, na kwa maoni yangu hili ni moja ya mambo ya kiungwana sana waliyowahi kufanya.

Desemba 2003 Linux 2.6.0 ikatoka na device-mapper ndani yake, na mwezi huo huo Red Hat wakatangaza kuinunua Sistina kwa hisa za takriban dola milioni 31. Tangu hapo LVM2, ambayo jina la Alasdair Kergon halikosekani kwenye historia yake, ikawa njia ya kawaida ya Red Hat na ndugu zake. Ukisakinisha CentOS 4 mwaka 2005 na kubofya tu endelea, endelea, endelea, ulipata VolGroup00 na LogVol00 bila kuomba.

Hivyo ndivyo ilivyofika Malaba.

Mwaka 2006 nilikuwa natunza kompyuta za ofisi moja ya wakala wa forodha pale Malaba. Mamlaka ya Ushuru ya Kenya ilikuwa imeanza kutumia mfumo wa Simba mwaka uliotangulia, tamko la forodha likawa linaingizwa kwa kompyuta, lakini karatasi hazikuisha hata kidogo. Ankara, hati ya bandari, orodha ya mizigo, kila kitu kilipigwa skana na kuwekwa kwenye seva moja iliyokuwa chini ya meza, karibu na ndoo ya maji. Si anasa. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 inakutaka uweze kuonyesha hati za mzigo ndani ya miaka 5. Dereva wa trela anaweza kukesha siku tatu kwenye foleni kwa karatasi moja isiyoonekana, na mwenye mzigo Kampala anapiga simu kila nusu saa.

Seva hiyo niliikuta imekwisha umia. Aliyenitangulia aliigawa diski ya gigabaiti 40 vizuri sana kwa vitabu: patisheni ya mzizi, ya /home, ya /var, ya swapu. Tatizo ni kwamba skana zilikwenda /var, na /var alikuwa ameipa gigabaiti 4. Ilipojaa, akatafuta programu ya kusogeza patisheni akaiachia ifanye kazi usiku. Stima ya Malaba ikafanya ilivyozoea. Miezi saba ya hati ikaenda. Wenye ofisi wakarudi kwenye maboksi ya stoo, na stoo ya Malaba ina mchwa.

Mimi nikaingia na CentOS 4 na LVM yake, kifua mbele. Diski ya gigabaiti 80, kundi moja, volyumu ya skana nikaipa nafasi ndogo na kubakiza nyingine bila kuigawa. Hilo hadi leo ndilo jambo ninalolisisitiza kwa wanafunzi: usimwage lundo lote siku ya kwanza. Kupanua volyumu ni rahisi. Kuipunguza ni kazi ya jasho, lazima uishushe kwanza, na kama mfumo wa faili ni XFS usijisumbue, haupunguziki.

Mwaka 2007 lundo likaisha. Bosi hakutaka kununua diski mpya, nikapata moja ya mtumba, ikawa hdb. Hivi ndivyo nilivyofanya, saa nne asubuhi, makarani wakiendelea kufungua faili zao:

pvcreate /dev/hdb1
vgextend VolGroup00 /dev/hdb1
lvextend -L +60G /dev/VolGroup00/skana
ext2online /dev/VolGroup00/skana

(Hiyo amri ya mwisho isikuchanganye. Siku hizo ndiyo iliyokuza ext3 ikiwa inatumika. Kazi yake ikachukuliwa na resize2fs, na siku hizi ukiandika lvextend -r yote mawili yanafanyika pamoja.)

Hakuna aliyegundua. Karani mmoja aliniuliza kwa nini natabasamu peke yangu. Nikamwambia diski imekua akiwa ameketi juu yake, akaniangalia vile mtu anavyomwangalia fundi aliyevuta petroli.

Kisha ikaja Januari 2008. Baada ya uchaguzi njia zilifungwa, reli ikang'olewa Kibera, malori hayakutembea, na Uganda ikakosa mafuta. Ofisi ilifungwa, seva ikazimwa. Tuliporudi na kuiwasha, hdb haikuzunguka. Diski kuukuu iliyozoea kuzunguka mchana na usiku ukiizimisha wiki kadhaa inaweza kusahau kabisa namna ya kuanza.

Hapo ndipo nilipouona upande mbaya wa mfano wa mahindi. Gunia moja likiwa na sumukuvu, na umeshalimwaga kwenye lundo, basi hakuna mnunuzi aliye salama. Volyumu yangu ya skana ilikuwa imelala juu ya diski mbili bila nakala, na kwa mfumo wa faili kupotea nusu yako ni sawa na kupotea kichwa. LVM ilikataa hata kuiamsha: kifaa chenye namba fulani hakionekani. Kosa hilo lilikuwa langu, si la diski na si la bosi. Nilikuwa nimefurahia unyumbufu hadi nikasahau kwamba diski mbili zilizounganishwa hivyo zina nafasi maradufu ya kufa, si nusu. Bekapu? Ilikuwa ya mwezi wa Oktoba, kwenye diski za DVD.

Kilichoniokoa, kwa kiasi, ni uamuzi mmoja wa walioandika LVM2. Lile daftari wameliandika kwa maandishi ya kawaida. Si namba za siri za mashine. Ni maneno, na nakala yake iko mwanzoni mwa kila volyumu halisi. Nikaiwasha mashine kwa sidii ya uokoaji, nikachota megabaiti ya kwanza ya patisheni iliyopona kwa dd, nikaifungua kwa less, na pale mbele yangu pakawa na jina la kundi, jina la skana, na mistari inayosema vipande hivi viko hapa, vile viko kule. Nilisoma kama mtu anayesoma hati ya shamba. Vipande vya kwanza vyote vilikuwa kwenye hda. Vilivyoongezwa 2007 vilikuwa kwenye ile iliyokufa.

Nikatumia dmsetup kujenga diski bandia ambayo kazi yake ni moja tu, kujibu kosa kila inapoulizwa, nikaiweka mahali pa marehemu, kisha nikaamsha kundi kwa chaguo la kukubali upungufu, kwa kusoma tu. Faili za zamani zikaanza kutoka. Nyingine zilitoka nusu, ukurasa wa kwanza wa ankara na kisha weupe. Nyingine zilibaki majina. Tulifanya kazi siku nne, mimi na yule karani, tukilinganisha orodha ya majina na maboksi ya stoo. Tulichokosa kabisa ni sehemu ya miezi mitatu, na katika hiyo kulikuwa na mteja mmoja mdogo, mama wa Busia aliyekuwa akileta vitambaa, aliyeombwa hati miezi michache baadaye na hatukuwa nazo. Alilipa ushuru wa mzigo ule mara ya pili. Nilimtembelea nikamweleza. Hakupiga kelele, na ningependa angepiga.

Tangu siku hiyo chini ya kila LVM ninayoiweka kuna diski mbili zinazoandikiwa kitu kile kile, kisha ndipo LVM inakaa juu. Pia diski ya mtumba siitii kwenye lundo.

Turudi kwenye historia kubwa. Miaka iliyofuata LVM iliongezewa mengi. Mwaka 2012, na toleo la 3.2 la kiini, zikaja volyumu nyembamba, ambazo unaahidi nafasi usiyokuwa nayo na unaitoa tu inapoandikwa. Wenye vyama vya akiba wataelewa hatari yake mara moja. Washindani nao walikuja: ZFS ya Sun mwaka 2005, kisha Btrfs, ambazo zinasema mfumo wa faili na kidhibiti cha volyumu ni kitu kimoja, kwa nini kuwatenganisha? Fedora ya mezani ilihamia Btrfs tangu toleo la 33 mwaka 2020. Hoja yao ina nguvu. Hata hivyo kwenye seva bado nakutana na LVM kila mahali, na kila mwezi kuna mtu ananiuliza kwa nini Ubuntu yake ya seva inaonyesha nusu ya diski. Haijapotea, ndugu yangu. Kisakinishi kimebakiza nafasi kwenye kundi. Andika vgs uone.

Lakini aliyeshinda kweli kweli ni yule mdogo, device-mapper. Kwa sababu hakujua lolote kuhusu LVM, kila mtu alimtumia kwa shughuli yake. Mwaka 2004 dm-crypt ikamtumia kusimba diski. Docker ikamtumia ilipoanza kuenea. Android ikamtumia tangu 4.4 kuhakikisha mfumo wa simu haujachezewa. Na mwaka 2019 Android 10 ikafanya jambo lililonichekesha peke yangu: Google walikuwa wamechoka na simu ambazo sehemu ya mfumo ni ndogo mno kwa toleo jipya, huku sehemu ya jirani ina nafasi tele. Tatizo la /var ya Malaba. Wakaweka patisheni moja kubwa inayoitwa super, ndani yake sehemu za kimantiki, na device-mapper akazielekeza.

Hapa mpakani nako walifanya kitu cha jinsi hiyo. Mstari wa zamani haukusogezwa hata hatua moja, lakini Februari 2018 marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walizindua kituo cha pamoja Busia. Ukitoka Uganda husimami tena upande wa Uganda kisha upande wa Kenya. Maafisa wa nchi zote mbili wako chini ya paa moja kule unakoingia. Mpaka halisi uko chini, wa kimantiki umekaa juu yake. Malaba wana chao pia. Foleni za malori hazikuisha, na mwaka 2020 wakati wa kupima madereva korona zilikuwa ndefu kuliko nilivyowahi kuona, ila hiyo ni hadithi nyingine.

Kijana wangu hakuamini habari ya simu. Nikamwomba yake, ya bei nafuu, kioo kimepasuka kona, aliinunua mjini Busia ikiwa na Android 11. Tukaiunganisha kwa waya wa USB na kuandika:

adb shell ls /dev/block/mapper

Zikatokea system, vendor, product, kila moja na herufi yake mwishoni. Akazihesabu kwa kidole, kisha akauliza kama anaweza kuongeza gorogoro mbili kwenye ile ya kwanza.